Cheti chako kinasomwa na nani?

Mzee aliinua ile karatasi kuelekea dirishani, akaigeuza nyuma, akakuta patupu, akairudisha mbele.

"Hiki chuo kiko wapi?"

Binti aliyekaa mbele yetu alinitupia jicho mimi kwanza, kisha akamjibu yeye. "Siyo chuo, mzee. Ni Cisco, kampuni ya Marekani inayotengeneza vifaa vya mtandao. Hiyo ni CCNA, cheti chao cha mafundi wa mtandao."

"Kwa hiyo ulisomea kwenye kampuni?"

"Nilisoma mwenyewe nyumbani. Halafu nikafanya mtihani wao."

"Na NACTVET wanawatambua?"

NACTVET ndio wanaosimamia vyuo vya ufundi nchini. Hapo binti akanyamaza. Nikaingilia kati, nikaeleza kwamba mtihani huo unajulikana dunia nzima, kwamba si mwepesi, kwamba hata mimi niliwahi kuufanya. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaiweka karatasi chini ya rundo na kuuliza swali lililokuwa moyoni mwake tangu asubuhi: "Leseni ya gari unayo?"

Hakuwa nayo.

Tulikuwa ghorofani katika ofisi ya kampuni ya utalii, jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha. Kampuni ina lodge Karatu na ilikuwa inatafuta mtu wa IT wa kudumu. Mimi huwa nawashikia mtandao wao kwa kazi za kuitwaitwa, kwa hiyo mzee alitaka "mtu wa fani" awepo mezani. Binti hakupata kazi. Aliipata kijana mwenye stashahada yake tu, bila cheti kingine chochote.

Wiki zimepita na swali la mzee halijaniacha. Lingekuwa la kipuuzi ningelicheka nikalisahau. Lakini mtu anayetoa mshahara kila mwezi ana haki ya kujua nani anamdhamini mwenye karatasi. Na mimi karibu kila wiki naandikiwa na mdogo wangu mmoja au mwingine: kaka, nikifanya CCNA nitapata kazi? Kaka, nianze na A+ au Security+? Kaka, AWS inalipa? Vyote ni vyeti vya mitihani kama ule: A+ ni ya ufundi wa kompyuta, Security+ ya usalama wa mifumo, AWS ya huduma za mtandaoni za Amazon.

Nani atakisoma? Hilo hakuna anayeniuliza.

## Chini ya meza

Nianze na usaili wenyewe, maana hapo ndipo mambo yalipovurugika.

Niliomba nipewe nusu saa ya vitendo. Nikapanga mtandao mdogo mezani: rauta ya MikroTik, swichi na kompyuta mbili. Chini ya meza, nyuma ya ndoo ya taka, nikaficha rauta ndogo ya nyumbani, zile za bei ya chini zinazojaa madukani, nikaichomeka kwenye swichi kwa tundu lisilo lake. Wanaofanya kazi za lodge wanaujua ugonjwa huu. Mpishi analalamika waifai haifiki jikoni. Meneja anatuma mtu mjini akanunue "kiongeza nguvu". Kinachomekwa popote panapoingia, na kuanzia hapo mtandao una mabwana wawili wanaogawa anwani, zile namba za kuitambulisha kila kompyuta. Mgeni wa chumba cha kwanza anapata intaneti, wa pili hapati, kesho yake wamebadilishana.

Kijana aliingia kwanza. Akazima rauta, akawasha. Akabadilisha kebo. Akahamisha tundu la swichi. Mwisho akaandika anwani kwa mkono kwenye kompyuta iliyogoma, na intaneti ikaja. Mzee akafurahi, tena kwa haki. Tatizo aliloliona kwa macho yake lilikuwa limeisha.

Binti hakugusa kebo. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akasoma, akakunja uso. "Rauta yenu ni 10.10.0.1. Hii kompyuta inasema imepewa anwani na 192.168.0.1. Huyo ni nani?" Akaanza kufuata kebo mojamoja kutoka kwenye swichi, akapiga magoti, akasogeza ndoo.

Nilimpigia kura yeye. Ila kura yangu ilikuwa moja, na wenzangu walikuwa na hoja ambazo mpaka leo siwezi kuzidharau. Karatu ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Kijana anaendesha. Amefunga kamera na mjomba wake huko Ngaramtoni, anajua betri za sola na inveta, anapanda nguzo bila kuomba mtu amshikie ngazi. Shemeji yake ni dereva wa kampuni hiyohiyo tangu zamani. Mtandao ukikatika usiku, wageni wamejaa, mzee anajua atampigia nani. Asipopokea, anajua atampigia shemeji.

Huo nao ni udhamini.

Nikamsindikiza binti mpaka chini. Kwenye ngazi nikamuuliza: kabla hujaanza kusomea huu mtihani, pale ungefanyaje? Akacheka.

"Ningebadilisha kebo."

Jibu hilo ndilo lililoninyima raha. Wale wanaosema vyeti ni makaratasi tu wangesemaje kuhusu mtu aliyefundishwa na karatasi hiyo kupiga magoti mahali sahihi? Na wanaosema vyeti vinatoa kazi, wangesemaje kuhusu mtu huyohuyo akishuka ngazi na bahasha yake mkononi?

## Kikoba cha mama

Kabla ya kwenda mbali, tuongee hela, maana wengi huandika habari hizi kana kwamba mtihani ni wa bure.

CCNA ni dola 300. Kwa shilingi ni zaidi ya laki saba, itategemea dola imeamkaje siku unayolipa. Ukifeli hurudishiwi, unalipa tena yote. Ukifaulu, cheti kinaishi miaka 3. A+ ya CompTIA ina mitihani miwili na kila mmoja una malipo yake. AWS wana mtihani wa kuanzia wa dola 100, na unaofuata wa dola 150. ISC2 mwaka 2022 walitangaza mtihani wa bure kwa wanaoanza usalama wa mtandao, na kuna vijana ninaowafahamu waliuchangamkia. Walipofaulu ndipo wakakutana na ada ya dola 50 kila mwaka ya kukitunza.

Binti yule alikopeshwa kupitia kikoba cha mama yake, ambaye anauza maharage soko la Kilombero. Mkopo wa kikoba una riba, na marejesho husomwa mbele ya wanachama wote. Mama alisimama akawaambia wenzake kwamba mwanawe anafanya mtihani wa Marekani, wakampitishia. Malipo yakaenda kwa kadi ya mtandaoni ya simu.

Halafu ikaja habari ya mahali pa kufanyia. Alichagua kuufanya nyumbani mbele ya kamera, na masharti yake nilikuwa sijawahi kuyasikia kwa undani mpaka aliponieleza. Meza iwe tupu. Chumba unakipiga picha pande zote unatuma. Hakuna mtu kuingia, hakuna kunyanyuka, hakuna hata kujisomea swali kwa sauti. Mtu akitokea nyuma yako mtihani unaweza kufutwa. Sasa fikiria Ngarenaro, vyumba viwili, familia nzima, na baa ng'ambo ya ukuta.

Akaazima chumba cha shangazi yake Njiro. Wakashusha kalenda ukutani. Wakafunika kabati la vyombo kwa shuka ili msimamizi asione kitu cha kumtia shaka. Mdogo wake akakaa nje mlangoni kuwazuia wapiga hodi, kuanzia muuza mayai mpaka jirani anayeazima jiko. Laptopu imejaa chaji, simu mbili zina bando, moja ya akiba. Dakika 120.

Umeme haukukatika. Yeye anasema ni maombi ya mama. Mimi nasema ni bahati, lakini sikumwambia.

Alipata majibu siku hiyohiyo ya mtihani, akaanza kutuma maombi wiki hiyohiyo. Mkopo ulirejeshwa kwa maharage.

## Ushauri ulioletwa na meli

Imani ya kwamba mtihani unatoa kazi imetoka wapi? Nikawauliza vijana kadhaa, jibu likawa lilelile: YouTube. Jamaa ameketi mbele ya taa za rangi, anasema alikuwa anauza kwenye duka la simu, akafanya Security+, sasa anakula vizuri.

Siamini kwamba anadanganya. Shida ni kwamba hasemi yuko wapi.

Tangu mwaka 2004 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na agizo linalojulikana kwa namba 8570, ambalo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na 8140. Kwa agizo lile, anayefanya kazi ya kulinda mifumo ya wizara, awe askari, mtumishi au mfanyakazi wa mkandarasi, alitakiwa kuwa na cheti kimojawapo kilichomo kwenye orodha yao. Security+ imo. Sasa hesabu makandarasi wote wanaoifanyia kazi wizara kubwa namna ile. Kwa mtu anayeishi karibu na kambi au ofisi zao, cheti hicho ni sharti la mlangoni. Ofisa ajira anatazama orodha, anaweka tiki.

Hapa kwetu hakuna agizo la namna hiyo linalomgusa mwenye lodge Karatu, wala mkuu wa shule Moshi, wala duka la jumla la Soko Kuu. Kijana wa Sakina analipa dola zilezile kwa mtihani uleule, lakini ile orodha iliyompa jamaa wa YouTube kazi haikuja pamoja na mtihani.

Nilipoliona hili ndipo swali la mzee lilipoanza kuniingia. "NACTVET wanawatambua?" Maana yake ni: orodha yangu mimi iko wapi?

## Karatasi mbili zenye nembo moja

Kuna jambo jingine ambalo watu wa fani tunalijua na hatulisemi hadharani, pengine kwa kuogopa kuwaudhi walimu.

Katika rundo la maombi ya siku ile, walioandika CCNA kwenye CV walikuwa kadhaa. Aliyekuwa nayo ni binti peke yake. Wengine walikuwa na cheti cha kumaliza kozi za Cisco Networking Academy, programu ambayo Cisco waliianzisha mwaka 1997 na ambayo vyuo vingi vinaifundisha. Kozi ni nzuri, mimi mwenyewe naipendekeza. Mwishoni unapewa karatasi yenye nembo ya Cisco na jina la mwalimu wako. Lakini ile inasema umemaliza kozi. CCNA ni mtihani mwingine, unaosimamiwa na watu wengine, unaolipiwa zile dola 300.

Wanaoandika hivyo si wote wanadanganya. Darasani kwao linaitwa "darasa la CCNA", ratiba imeandikwa CCNA, mwalimu anaitwa mwalimu wa CCNA. Mtu anatoka pale anaamini anayo.

Anayeumia ni yule aliyelipa. Mwajiri aliyewahi kuajiri "CCNA" asiyejua kugawa anwani hatajali tena herufi hizo nne, na hana muda wa kujifunza tofauti ya karatasi na karatasi. Wakati kuthibitisha ni rahisi kuliko barua yoyote ya chuo: mwenye CCNA ana kiungo cha beji yake mtandaoni, unabonyeza, unaona jina na tarehe ya mwisho. Katika maombi yote niliyopitia, aliyeweka kiungo ni mmoja. Na mezani hakuna aliyekibonyeza isipokuwa mimi.

Wamarekani walipitia hili miaka ya tisini, kwanza na CNE ya Novell, kisha na MCSE ya Microsoft. Vyeti vilitoa kazi, watu wakaanza kukariri maswali, wakazuka wahitimu wenye karatasi ambao seva wamewahi kuiona kwenye picha tu, na waajiri wakaanza kuwabeza. Microsoft waliifunga familia nzima ya MCSE Januari 2021 kwa sababu zao, wakahamia vyeti vinavyofuata aina ya kazi. Lakini ule ugonjwa wa kukariri haukufungwa nao. Hata leo ukitafuta mtihani wowote mtandaoni, utauziwa maswali ya wizi kabla hujauziwa kitabu.

Mchumi Michael Spence aliandika mwaka 1973 kuhusu soko la ajira akasema jambo ambalo mama wa kikoba angelielewa mara moja: elimu inaweza kumpa mwajiri ishara, lakini ishara hiyo inafanya kazi pale tu ambapo kuipata ni ghali zaidi kwa asiye na uwezo kuliko kwa mwenye nao. Mwaka 2001 yeye, George Akerlof na Joseph Stiglitz walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Maswali ya wizi yanavuruga hapo hapo, kwa sababu asiyejua naye analipa kidogo na kuipata.

Ningeongeza jambo moja kutoka Arusha. Ishara inaweza kuwa ghali, ya kweli na safi, na bado mpokeaji akawa hajui ni ishara ya nini.

## Wasomaji waliopo

Basi nikaanza kuuliza, kwa wateja wangu, kwa niliosoma nao, kwa watu ninaokunywa nao chai. Nani hapa anasoma vyeti hivi?

Serikalini, msomaji wa kwanza ni mfumo. Ukiingia Ajira Portal kuomba nafasi ya Afisa TEHAMA, kinachokupitisha ni shahada au stashahada ya fani inayotajwa, kutoka chuo kinachotambulika. Baada ya hapo ni usaili wa kuandika, kisha mahojiano. CCNA yako inaweza kukusaidia kujibu maswali, ila haikufungulii geti.

Mashirika ya kimataifa ndiyo Arusha inayojivunia. Jumuiya ya Afrika Mashariki wako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Huko matangazo ya kazi huwa yanavitaja vyeti kwa majina, na anayechambua maombi anajua maana yake. Lakini nafasi ni chache, wanataka miaka ya uzoefu, na unashindana na watu wa nchi nyingine, si wa Kaloleni na Kijenge tu.

Mabenki na wakaguzi wa mahesabu wanasoma, tena sana. Wanapenda CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo kilichoanza 1978. Ila CISA inadai uzoefu wa miaka 5, ingawa sehemu yake inaweza kufidiwa na elimu. CISSP, ya usalama wa mifumo, nayo inadai miaka 5. Hapa nilisimama kidogo. Vyeti vyenye uzito mkubwa kabisa havimsaidii asiye na kazi, kwa sababu huwezi kuvipata kikamilifu bila kazi. Anayetafuta kwa mara ya kwanza anaachiwa vile vyepesi, ambavyo ndivyo kila mwenzake anavyo.

Sijui kwa nini hili halisemwi kwa sauti na wanaouza kozi. Au najua.

Halafu kuna wasomaji wa tenda, na hawa ndio niliokuwa nimewasahau kabisa. Kampuni ikiomba zabuni ya kufunga mtandao kwenye hospitali au wizara, inaambatanisha CV za wataalamu wake na vyeti vyao. Vilevile Cisco na wenzao hawaipi kampuni hadhi za juu za ushirika mpaka iwe na idadi fulani ya watu waliofaulu mitihani yao. Rafiki yangu mmoja alipigiwa simu kutoka Dar usiku, akaulizwa kama cheti chake bado kiko hai, akaambiwa atume kopi kabla ya saa nne asubuhi. Mahojiano yakaja baadaye, na yalikuwa mafupi. Walikuwa wanatafuta cheti chenye mtu.

Kampuni za namna hiyo nyingi ziko Dar es Salaam.

Wanaobaki ndio wengi: lodge, shule, zahanati, maduka, kampuni ndogo za intaneti. Hao wanaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, nani anamjua fundi mzuri wa mtandao?" Sijawahi kuona mtu akijibu kwa kutuma cheti. Wanajibu kwa namba ya simu na maneno mawili: "Huyu anakuja."

Anakuja. Kwa mwenye lodge, kuja ni nusu ya ujuzi wote.

## Changu kilivyokufa

Nina CCNA iliyokufa. Miaka yake 3 iliisha, ningeweza kuihuisha kwa kufanya mtihani upya au kwa kukusanya alama 30 za kozi, sikufanya hivyo. Tangu siku ile hakuna mteja aliyeniuliza. Hakuna hata mmoja, kuanzia Usa River mpaka Karatu.

Kwa muda mrefu nilitumia habari hiyo kama ushahidi kwenye ubishi. Unaona? Haina kazi.

Ila wiki hizi nilijilazimisha kurudi nyuma kidogo. Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata Dar, kwenye kampuni ya aina ile ya tenda. Sikuwa na mjomba pale, sikuwa na shemeji, lafudhi yangu ya kaskazini waliicheka. Walikuwa na pengo la mtu mmoja kwenye orodha ya washirika, nikaliziba. Nilikaa pale nikajifunza kwa watu walionizidi mbali, nikafunga mitandao ambayo Arusha nisingeikuta, na niliporudi nyumbani nilikuwa fundi ambaye watu wanatoa namba yake.

Kwa hiyo cheti kilinipa kazi. Kilinipa mara moja, mahali palipokuwa na msomaji, kisha kikakaa kimya. Na ile mara moja ndiyo iliyozaa zote zilizofuata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wanaowaambia vijana wasipoteze hela. Sisi tayari tuna majina. Mwenye jina hahitaji karatasi, ila binti wa muuza maharage kutoka Ngarenaro, asiye na mjomba wa kamera wala shemeji dereva, tukimwambia aachane na karatasi tumwambie basi ashike nini. Udhamini wa ukoo unalipwa na ukoo. Usio na ukoo unalipwa kwa dola, na ni ghali, na unaisha muda, lakini angalau unauzwa kwa kila mtu.

Natofautiana pia na wenye kozi, wanaouza ndoto ya mtihani mmoja. Kama unabaki Arusha na hutaki kuhama, na watu unaotaka wakuajiri ni wa lodge, basi hela ile ingenunua leseni ya udereva na vifaa vya kazi, na ungepata kazi mapema zaidi. Inaniuma kuandika hivyo kwa sababu ninajua nani aligundua ile rauta chini ya meza.

Yeye ameshapata pa kuanzia, kwa siku chache kwa wiki, kwenye kampuni ndogo ya intaneti hapahapa mjini. Aliunganishwa na shangazi yake wa Njiro. CCNA hawakuiulizia. Waliuliza kama anaijua MikroTik, na sasa wanataka wampeleke kwenye mafunzo ya MTCNA, cheti cha MikroTik wenyewe, kwa gharama yao: maswali 25, dakika 60, ukipata asilimia 60 umepita. Nilimuuliza anaionaje baada ya ile aliyoifanya kwa shangazi. "Nyepesi, kaka. Ila hii bosi anaijua."

## Tangazo la Moshi

Juzi shule moja ya Moshi ilinitumia tangazo la kazi niwapitishie jicho kabla hawajalibandika. Wanatafuta mtu mmoja wa kushika maabara ya kompyuta, mtandao, kamera na mfumo wa ada. Tangazo lilidai shahada ya Sayansi ya Kompyuta, CCNA, CompTIA Security+, cheti cha Microsoft, uzoefu wa miaka 5, na awe tayari kufundisha vipindi. Mshahara uliotajwa ni ule ambao mtu mwenye hayo yote hata asingepanda basi kuja kuuangalia.

Nikampigia mkuu wa shule. Shikamoo mwalimu, hivi vyeti mmevitoa wapi? Akasema ukweli: mwalimu wa kompyuta alivikuta kwenye tangazo la benki, akavinakili ili tangazo lionekane la hadhi. Security+ hajui ni nini. CCNA amewahi kuisikia.

Nikamwandikia rasimu mpya. Stashahada au shahada, yoyote. Cheti cha mtihani wa kampuni ya vifaa kitaongeza alama, mwombaji aweke kiungo cha kukithibitisha, na mimi nitakuwepo kuvibonyeza vyote. Asiye na cheti aandike ukurasa mmoja kuhusu tatizo la mtandao alilowahi kulitatua, alianza kuangalia wapi, na kwa nini hapo. Siku ya usaili kutakuwa na vitendo. Rauta nyingine ndogo nimeshanunua.

Mkuu wa shule amekubali karibu yote. Ule ukurasa mmoja ameupenda, anasema ataanza kuuomba hata kwa walimu. Kinachotukwamisha ni mstari wa kwanza: bodi inataka shahada irudi, kwa sababu mzazi akiuliza mtu wa IT amesoma wapi, jibu liwe jina la chuo analolijua. Nimemwambia tuongee tena Jumatatu.